Uhasama wa vyama kwenye mabunge ya majimbo Marekani: maswali mnayouliza kila siku

Maswali haya yanajirudia sana tangu Januari 2025, pale bunge la Minnesota lilipokwama na Waswahili wengi wa huku wakaanza kufuatilia mambo ambayo zamani walikuwa wanayapita tu. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi mpaka yale ya wabishi. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakutuma huko, sitarudia.

## Tuanze na msingi

Bunge la jimbo ndo lipi? Kwani si Congress ya Washington?

Hapana, na hapa watu wengi wanachanganya. Congress ni ya nchi nzima. Kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake na gavana wake, na hao ndo wanaoamua mambo yanayokugusa kila siku: hela za shule, leseni ya udereva, kodi ya jimbo, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, taratibu za kupiga kura, na kwenye majimbo mengi hata mipaka ya maeneo bunge ya hiyo Congress yenyewe. Ukiwajumlisha wabunge wa majimbo yote wanapita 7,300. Majimbo 49 yana mabaraza mawili, seneti na baraza la wawakilishi, Nebraska peke yake ina moja, tutafika huko.

Ila hayafanani kabisa. New Hampshire baraza la wawakilishi lina watu 400 na wanalipwa dola 100 kwa mwaka, umesoma vizuri, kwa mwaka. California baraza la chini lina watu 80 na ubunge ni kazi ya kudumu yenye mshahara wa maana. Kwa hiyo mtu akikuambia "dawa ni hii" muulize kwanza anaongelea jimbo gani.

Vyama kupingana si ndo siasa yenyewe? Tatizo liko wapi?

Kupingana ndo kazi yao, hakuna shida hapo. Shida ziko mbili na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni umbali: Warepublican wote wako kule, Wademokrat wote wako huku, katikati hamna mtu. Maprofesa wawili, Boris Shor na Nolan McCarty, wamepima hili jimbo kwa jimbo kuanzia miaka ya 1990 wakitumia kura za wabunge na majibu yao kwenye madodoso ya wagombea, na wameona umbali umeongezeka majimbo mengi, na kwenye vipimo vyao vya mwanzo California ndo iliongoza, imegawanyika kuliko hata Congress.

Ya pili ni kuzuia: kuna muswada ambao ukiuleta ukapigiwa kura leo unapita kwa kura za pande zote mbili, lakini hauletwi, kwa sababu spika au mwenyekiti wa kamati hataki upande wa pili upate sifa au hataki wabunge wake wagawanyike hadharani. Mimi nadhani hii ya pili ndo inaumiza zaidi, na ndo inayorekebishika. Huwezi kumbadilisha mtu imani yake kwa sheria, ila kanuni za nani anapanga ajenda zinabadilika kwa kura moja tu.

Kuna anayeumia kweli au ni kelele za TV?

Angalia Pennsylvania 2025. Baraza la wawakilishi liko kwa Wademokrat kwa kiti kimoja tu, seneti iko kwa Warepublican, gavana ni Demokrat. Bajeti ilitakiwa iwe tayari Juni 30, ikasainiwa Novemba 12. Miezi minne na zaidi kaunti na shule zinasubiri hela za jimbo, wengine wakakopa ili waendelee kutoa huduma. Aliyekopa riba analipa yeye, wale waliochelewesha halipi hata mmoja.

Chanzo ni nini?

Vipo vingi ila vya kushika mkononi ni viwili. Cha kwanza ni kura za mchujo. Maeneo bunge mengi ni ya chama kimoja waziwazi, ukishapita mchujo wa ndani ya chama basi uchaguzi mkuu ni kukamilisha tu, na kwenye mchujo wanaojitokeza ni wachache na ndo wale wenye msimamo mkali kuliko wengine. Kwa hiyo mbunge akilala anamuota mpinzani wa ndani ya chama chake, wa chama kingine hamsumbui. Cha pili ni hiyo ajenda niliyosema, nani ana funguo za mlango wa kupigia kura.

Kuna siasa za kitaifa pia, hela za kampeni kutoka nje ya jimbo, magazeti ya mtaani kufa na watu kubaki na habari za Washington tu. Hayo ni makubwa ila bunge la jimbo haliwezi kuyatibu lenyewe. Watu wanapenda kulaumu ramani peke yake, na ramani zinachangia (angalia swali la tume huru huko chini), lakini hata ukichora mistari kwa haki bado watu wa mjini wanaishi na wenzao na wa shamba na wenzao.

## Minnesota 2025, maana hapa ndo maswali yalipoanzia

Ilikuwaje bunge likakwama?

Uchaguzi wa Novemba 2024 uliishia sare, Warepublican 67 na DFL 67 (DFL ndo Wademokrat wa Minnesota, jina lao kamili ni Democratic-Farmer-Labor) kwenye baraza la watu 134. Halafu mbunge mteule mmoja wa DFL mahakama ikasema hakuwa anaishi kwenye eneo bunge lake kama sheria inavyotaka, akajiondoa, ikawa 67 kwa 66. Warepublican wakasema basi sisi ndo wengi, spika wetu, wenyeviti wetu, miaka miwili. DFL wakasema subirini uchaguzi mdogo, kiti kile ni ngome yetu mnajua kabisa tutarudi sare.

Hawakuelewana. Januari 14 siku ya kufungua, DFL hawakutokea hata mmoja. Anayefungua kikao ni waziri wa jimbo anayesimamia uchaguzi, Steve Simon, akahesabu watu akaona 67, akasema akidi, yaani koramu, haijatimia kwa sababu nusu ya 134 na mmoja juu ni 68, akaahirisha kikao akaondoka. Warepublican wakabaki ukumbini wakaendelea wenyewe wakamchagua Lisa Demuth kuwa spika. Siku kumi baadaye Mahakama Kuu ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68, kwa hiyo yote yaliyofanyika pale ni bure.

Na yule dada yetu Huldah, aliapishwa au hakuapishwa?

Hili swali Wakenya waliuliza mpaka basi, na wana haki. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kupitia DFL upande wa Brooklyn Park, watu wakasherehekea huku na Nyamira, halafu bunge linafunguliwa hayumo. Hakuwa amefukuzwa wala hajanyang'anywa kiti. DFL walifanya shughuli yao ya kuapa siku mbili kabla ya bunge kufunguliwa, halafu wote kwa pamoja wakasusia kikao. Kwa mtu anayeanza ubunge ni mwanzo mgumu, unaingia kazini na kazi ya kwanza ni kutokwenda kazini.

Walitokaje hapo?

Kwa dili la maandishi, mwanzoni mwa Februari. Demuth akabaki spika kwa miaka yote miwili, hicho ndo Warepublican walichopata. DFL walichopata: uchaguzi mdogo ukiwarudisha sare, karibu kila kamati inakuwa na wenyeviti wenza wawili, mmoja kila upande, wanapokezana rungu (ile ya kuzuia ulaghai ilibaki kwa Warepublican). Melissa Hortman aliyekuwa spika wa DFL akaachia uspika. Machi 11 uchaguzi mdogo ukafanyika, DFL wakashinda, sare ikarudi, na wenyeviti wenza wakaanza kazi.

Sasa hapa ndo pa kuangalia kwa makini. Hakuna aliyempenda mwenzake ghafla. Ila kila muswada unahitaji kura 68 na kila upande una 67, kwa hiyo muswada wa chama kimoja umekufa kabla haujaandikwa. Wenyeviti walianza kukaa chini kabla ya kikao kuulizana "wewe unaweza kuishi na kipi?" kwa sababu hamna njia nyingine. Minnesota walishawahi kuwa sare 67 kwa 67 mwaka 1979 pia, kule waligawana kwa mtindo mwingine, upande mmoja uspika na mwingine kamati nzito nzito.

Bajeti ilipita, kwa kuchelewa, kwenye kikao maalum cha Juni. Na ilipita kwa maumivu: sehemu ya dili ilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi kwenye bima ya MinnesotaCare (watoto wakabaki), na DFL wote wa baraza hilo waliopiga kura walipinga isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni Hortman mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye meza ya makubaliano. Warepublican 67 na yeye mmoja, 68. Mtu akikuambia maelewano ya vyama ni kitu kitamu tu, mpe hiyo hesabu, maana kuna watu wa jamii zetu waliopoteza bima pale.

Hii si ndo nusu mkate ya Kenya, au SUK ya Zanzibar?

Inafanana kwa mbali. Kule walichogawana ni serikali, mawaziri na vyeo vya juu. Minnesota gavana hakumpa mtu wizara, kilichogawanywa ni uendeshaji wa baraza moja tu la bunge, na muda wote seneti ilikuwa na hesabu zake nyingine.

## Dawa zilizojaribiwa

Nebraska wanafanyaje, ni kweli hawana vyama bungeni?

Ni kweli, kwa karatasi. Mwaka 1934 wananchi walipiga kura kufuta mabaraza mawili na kuweka moja lisilo na vyama, aliyepiga kampeni sana ni seneta George Norris, na bunge hilo likaanza 1937. Leo lina watu 49. Jina la mgombea linakaa kwenye karatasi ya kura bila chama, mchujo ni mmoja kwa wote na wawili wa juu wanaenda fainali. Mshahara ni dola 12,000 kwa mwaka.

Lakini wanaosifia Nebraska wanaishia kwenye karatasi ya kura, na utamu uko kwenye kanuni za ndani. Kila muswada lazima usikilizwe hadharani kwenye kamati, mwenyekiti hawezi kuukalia mpaka ufe kimya kimya. Wenyeviti wa kamati wanachaguliwa na bunge zima kwa kura ya siri, kwa hiyo Demokrat anaweza kuwa mwenyekiti hata kama wenzake ni wachache, na amewahi. Hakuna kiongozi wa wengi wala wa wachache, hakuna mnadhimu wa kukupigia simu usiku.

Matokeo yake unaona mambo kama ya 2015. Nebraska ni jimbo la Warepublican, gavana wa wakati huo Pete Ricketts ni Republican, anataka hukumu ya kifo ibaki. Bunge likaifuta. Akaweka veto. Wakaivunja veto 30 kwa 19, na 30 ndo idadi kamili iliyokuwa inatakiwa. Kwenye bunge la kawaida lenye wingi wa Republican muswada ule usingefika hata kupigiwa kura. (Mwaka uliofuata wananchi wenyewe wakairudisha hukumu ya kifo kwa kura ya maoni, kwa hiyo usidhani bunge likielewana ndo wananchi nao wameelewana.)

Kwa hiyo Nebraska hamna uhasama kabisa?

Upo, na umeongezeka. Seth Masket na huyo Shor wa hapo juu walichunguza wakaona vyama vimerudi kupitia dirishani. Sababu kubwa ni ukomo wa vipindi uliopitishwa mwaka 2000: seneta anatumikia vipindi viwili vya miaka minne anaondoka, kila mara zinabaki nafasi nyingi wazi, na anayetafuta watu wa kuzijaza na kuwapa hela za kampeni ni chama na wenye hela walio karibu na chama. Wanaingia wageni wasiojuana, wasio na deni la urafiki kwa mtu.

Mwaka 2023 seneta Machaela Cavanaugh aliamua kuongea kwenye kila muswada ili kuchelewesha kazi yote, akipinga muswada kuhusu matibabu ya watoto wanaobadili jinsia, na kikao kizima kikawa cha mvutano. Pale unahitaji kura 33 kati ya 49 kumnyamazisha anayeongea. Ule muswada ulipita mwishowe, na mara kwa mara kuna anayejaribu kuiondoa ile kura ya siri ya wenyeviti. Wakiiondoa, nadhani itabaki Nebraska ya jina tu.

Na California na ule mchujo wa wawili wa juu, ulisaidia?

Kidogo, na tena watu wanabishana. Historia yake ni nzuri: zamani bajeti California ilihitaji theluthi mbili, kwa hiyo kila mwaka walikuwa wanawinda kura mbili tatu za upande wa pili. Februari 2009, jimbo limekauka hela kabisa, seneta Republican Abel Maldonado akasema kura yangu mtaipata mkiweka kwenye kura ya wananchi pendekezo la mchujo wa wazi. Wakakubali. Juni 2010 wananchi wakalipitisha, likaanza kutumika 2012: wagombea wote wa vyama vyote karatasi moja, wawili wa juu wanaendelea hata kama ni wa chama kimoja.

Shida ni kwamba wakati huohuo walibadilisha kila kitu. Ramani mpya za tume, ukomo mpya wa vipindi, na bajeti ikashushwa kutoka theluthi mbili hadi wingi wa kawaida, na ikichelewa wabunge wanakatwa posho na mshahara. Sasa ukiona bunge limetulia, dawa ipi imefanya kazi? Mimi jibu langu ni ile ya bajeti. Mwaka 2009 jimbo lilifika mahali pa kulipa watu kwa hati za ahadi, baada ya 2010 hilo halijarudi. Ila kumbuka kilichofanya kazi hapo ni kuwaondolea wachache uwezo wa kuzuia, hawakukaribiana. Na utafiti uliolinganisha majimbo mengi, McCarty, Shor, Masket na wenzao 2014, uliona mchujo kuwa wazi au kufungwa peke yake haubadilishi sana tabia ya wabunge.

Alaska je? Nasikia Warepublican na Wademokrat wanatawala pamoja

Ni kweli. Seneti ya Alaska ina watu 20, na mwaka 2023 watu 17 waliunda kundi moja la utawala, Wademokrat 9 na Warepublican 8, rais wa seneti Gary Stevens ambaye ni Republican. Wakabaki watatu nje. Baraza la wawakilishi nalo 2025 likaundwa na mseto wa watu 21 kati ya 40, spika Bryce Edgmon asiye na chama.

Wengi wanasema ni kwa sababu ya mfumo mpya uliopitishwa 2020: mchujo mmoja, wanne wa juu wanaendelea, halafu fainali unawapanga 1, 2, 3, 4. Umesaidia, maana Republican aliyeshirikiana na Wademokrat hafi tena kwenye mchujo wa chama, anaweza kuishi kwa chaguo la pili la watu. Ila mseto Alaska ni wa zamani kuliko huo mfumo, 2017 ulikuwepo, na 2019 baraza lilikaa karibu mwezi mzima bila spika mpaka wakaunda mwingine. Zaidi ya nusu ya wapiga kura wa kule hawajajiandikisha na chama chochote, na kinachowagawa mara nyingi ni hela za mafuta na gawio la kila mwananchi, jambo ambalo halifuati vyama. Mwaka 2024 kulikuwa na kura ya kuufuta mfumo huo, ukanusurika kwa tofauti isiyofika kura 1,000.

Tume huru za kuchora mipaka zinasaidia?

Zinasaidia haki ya kura zaidi ya zinavyosaidia maelewano. California tume ina watu 14, Wademokrat 5, Warepublican 5, na 4 wasio upande wowote. Zinaondoa ule uchafu wa mbunge kujichagulia wapiga kura. Lakini zinavunjika siasa za kitaifa zikiingia: 2025 Texas ilichora upya ramani zake za Congress katikati ya muongo, na California wakajibu kwa kura ya Novemba kuweka kando ramani za Congress za tume yao mpaka 2030. Ramani za bunge la jimbo hawakuzigusa.

Kuna dawa rahisi isiyohitaji kubadili uchaguzi wote?

Ipo, na haisikiki sana: Colorado 1988. Wananchi walipitisha marekebisho ya katiba yanayoitwa GAVEL, kwamba kila muswada lazima usikilizwe na upigiwe kura kwenye kamati, na chama kisiwafunge wabunge wake kupiga kura kwa amri ya kikao cha ndani. Yaani mwenyekiti hawezi kuufungia muswada kabatini. Muswada wa wachache unaweza kuanguka, na mingi inaanguka, ila unaanguka mbele ya watu kwa kura iliyoandikwa. Mimi ningeanza na hii kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inagusa ajenda moja kwa moja.

Wakila pamoja na kukaa mchanganyiko bungeni si watapendana?

Haidhuru. Nebraska viti havifuati vyama na wabunge wenyewe wanasema inasaidia. Ila chakula hakishindi mchujo. Angalia swali la Ohio hapo chini.

Na wataalamu wa utafiti?

Hawa hawasifiwi vya kutosha. Wisconsin wana ofisi ya hesabu za bajeti ya bunge isiyo ya chama, Minnesota wana House Research. Mbunge wa upande wowote akiuliza muswada huu utagharimu kiasi gani anapewa namba ileile. Ugomvi ukibaki kwenye nini kifanyike, na sio mbili jumlisha mbili ni ngapi, unakuwa mfupi.

## Maswali ya wabishi

Kususia kikao ni sawa? DFL walifanya, Texas wanafanya

Inategemea uko upande gani wiki hiyo, huo ndo ukweli wenyewe. Wademokrat wa Texas walikimbilia nje ya jimbo 2003, 2021 na 2025. Wa Wisconsin maseneta 14 walienda Illinois 2011 kupinga sheria ya vyama vya wafanyakazi, Warepublican wakatenganisha muswada wakaupitisha bila wao. Oregon walioondoka ni Warepublican, kwa sababu kule akidi ni theluthi mbili, maseneta 20 kati ya 30.

Oregon wananchi walichoka. Novemba 2022 wakapitisha sheria kwamba mbunge akikosa vikao 10 bila ruhusa hagombei tena kipindi kinachofuata. Maseneta kumi wakasusia tena 2023 kwa wiki sita hivi, wakidai maneno ya sheria yameandikwa vibaya kiasi kwamba wanaruhusiwa kugombea mara moja zaidi. Februari 2024 mahakama ya juu ikawakatalia. Dawa ya msingi zaidi ingekuwa kushusha akidi iwe nusu kama majimbo mengi, ila hapo wachache wanabaki bila silaha kabisa, na uhasama unaweza kuzidi.

Mbunge akivuka akapiga kura na upande wa pili anafanywaje?

Ohio, Januari 2023. Warepublican wana wingi mkubwa na walishakubaliana ndani kwamba spika ni Derek Merrin. Siku ya kura Jason Stephens, Republican mwenzake, akashinda 54 kwa 43: Wademokrat 32 na Warepublican 22 walimpa. Kamati kuu ya chama cha jimbo ikawakemea rasmi wote 22, na mchujo wa 2024 baadhi yao wakaangushwa. Ndo maana nasema kila dawa ipimwe kwa swali moja, je inamlinda mbunge kama mmoja wa hawa 22 au inamuacha peke yake? Kura ya siri ya Nebraska inamlinda. Mchujo wa Alaska unamlinda. Chakula cha jioni hakimlindi.

Kama chama kimoja kina viti vyote karibu, hili linatuhusu?

Linawahusu kwa namna nyingine. Majimbo mengi ni hivyo siku hizi, baada ya 2024 yale ambayo mabaraza yamegawanyika kivyama ni ya kuhesabu kwa vidole, Minnesota, Michigan, Pennsylvania. Kwenye wingi mkubwa ugomvi unahamia ndani ya chama, kama ulivyoona Ohio. Kanuni ya kila muswada kusikilizwa (swali la Colorado) ina faida zaidi hapo kuliko hata penye sare.

Kupunguza uhasama si ni kuwaficha wapiga kura? Mimi nataka kujua nani ni nani

Hoja nzuri na sina jibu la kuimaliza. Karatasi ya Nebraska haina vyama, mtu asiyefuatilia anapiga kura gizani, na chama kina faida ya kukupa picha ya haraka ya mgombea. Pia kuna mambo ambayo hakuna katikati yake, huwezi kumwambia mtu haki yake igawanywe nusu kwa nusu ili bunge litulie. Kwangu mimi majina ya vyama yabaki kwenye karatasi, kufuli la ajenda ndo litoke.

Mauaji ya Hortman yanahusiana na haya?

Tarehe 14 Juni 2025, siku chache tu baada ya ile kura ya bajeti, Melissa Hortman na mume wake Mark walipigwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park wakafa, na seneta John Hoffman na mke wake wakajeruhiwa, na mtu aliyevaa kama polisi. Msiiunganishe na kura ile, watu wameandika mengi ya ovyo. Ninachoweza kusema ni kwamba wabunge wa pande zote walianza kuondoa anwani zao kwenye kurasa za serikali, na ukiwa mbunge wa kawaida unayefikiria kuvuka mstari wa chama, sasa unafikiria na familia pia. Kiti chake kilijazwa Septemba kwa uchaguzi mdogo, DFL wakakirudisha, sare ikaendelea.

Mimi nina green card, au ndo nimepata uraia juzi, nafanya nini hapo?

Kama una green card usipige kura, hata ukisukumiwa fomu, inaweza kukuharibia makaratasi yako yote. Lakini kutoa ushahidi kwenye kamati hakuhitaji uraia. Unaandikia ofisi ya kamati kabla, unapewa dakika mbili au tatu, unaongea na wabunge wa vyama vyote wamekaa mbele yako. Andika kwa mwenyekiti na pia kwa mbunge wa upande wa pili kwenye kamati hiyohiyo, wengi wetu tunasahau huyu wa pili, na yeye anapata barua chache za watu wetu kwa hiyo yako itasomwa.

Kama ni raia, nenda kwenye mchujo. Minnesota ni Agosti ya mwaka wa uchaguzi na huhitaji kuwa umejiandikisha na chama, ila ukishaanza upande wa chama kimoja malizia hapohapo, ukichanganya vyama viwili kwenye karatasi kura za sehemu hiyo zinaharibika.